Dada Yangu Alisema Mashine Iko Uchi

Diski ilipasuka kwa mlio mmoja, mkavu. Kipande kimoja kikaingia jicho langu la kushoto, kingine kikapasua shavu mpaka meno yakaonekana. Nilianguka kwenye vumbi la chuma, na mashine ikaanguka nami, bado inanguruma, inarukaruka karibu na goti langu mpaka mtu akazima grupu, jenereta yetu ya umeme. Katika ule ukimya nikasikia sauti ya patroni, bosi wangu:

«Ni yule mwanamuke! Si alisema asubuhi? Ni yeye amemuloga!»

Mwanamke huyo ni dada yangu, tumbo moja.

Nirudi nyuma, maana watu wa hapa Salamabila wanaisimulia vingine.

Nilikuwa fundi katika ateliye, karakana ya huyo patroni, nyuma ya soko. Tulikata na kusugua vyuma vya mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Sikusoma sana, lakini meleze, ile mashine ya mkononi yenye diski inayokata chuma, naijua. Nilifundishwa mjini Kasongo na fundi mzee mkali: vaa lineti, miwani ya kukinga macho, shika kwa mikono miwili, usisimame kwenye mstari wa diski. Na kile kifuniko kinachoziba nusu ya diski usikitoe hata siku moja. Diski ikipasuka, vipande vinapiga kifuniko, havikupigi wewe.

Patroni alikitoa kwa mkono wake. Diski ndogo zilikuwa zimeisha, zikabaki kubwa za mashine nyingine iliyokufa, na diski kubwa haiingii kama kifuniko kipo. Akafungua visi, ile skrubu inayokishika, mbele yetu sote, kifuniko akakifanya kisahani cha majivu ya sigara yake.

«Patroni,» nikamwambia, «mashine ndogo inazunguka mbio sana. Hii diski haiwezi hizo mbio, wameandika hapa juu yake.»

«Weye ulisoma lini? Kata, bwana. Watu wa machimbo wanangojea.»

Nikakata. Silifichi hilo. Siku tatu nilikata nikigeuza uso pembeni. Lineti zilikuwa zimekwaruzika, sioni mstari, nikazipandisha kwenye paji la uso. Hilo ni kosa langu, nalibeba mwenyewe.

Siku ya nne, asubuhi, dada aliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo kama kawaida. Akaitazama mashine, akaweka sahani chini.

«Mudogo wangu, iyi mashine yenu iko uchi. Nguo yake iko wapi?»

Patroni akainua kifuniko na majivu yake. «Iko hapa, mama. Unataka uivae weye?»

Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

«Mucheke tu,» dada akasema. «Siku itamwaga damu yenu, mutanikumbuka.»

Saa sita nilikuwa nakata bomba refu lililolala juu ya mawe mawili, moja kila ncha. Vibaya. Upande unaokatwa unatakiwa uning'inie wazi, la sivyo bomba linainama katikati na kubana diski. Nilitaka kulisogeza. Patroni alikuwa mgongoni kwangu: «Haraka, haraka!» Bomba likabana.

Hospitalini walinifunga kichwa kizima. Majuma mawili sikuweza kufungua kinywa, na majuma hayo mawili patroni aliyatumia vizuri. Alizunguka soko lote: «Yule mwanamuke alisema asubuhi, saa sita ikatokea, munataka ushuhuda gani tena?» Wakapiga mlango wa dada kwa mawe. Dada akafunga kitambaa chake, akatembea kwa miguu mpaka Wamaza, akahamia huko. Siku nilipoweza kusema, nikasema yote. Wakanijibu: «Anamutetea kwa sababu amemufunga akili.»

Mpaka leo dada anachota maji peke yake, wengine wakishaondoka. Habari ilimfuata mpaka kule.

Na ateliye inafanya kazi. Nilipita juzi. Fundi mwingine, baba wa watoto, ameinama juu ya mashine ileile, iko uchi vilevile, na majivu yako kwenye kifuniko kilekile.

Jicho sikudai, patroni. Nakudai kitu kimoja. Mwaga hayo majivu, uchukue kifuniko, upande pikipiki mpaka Wamaza. Simama mbele ya mlango wa dada yangu, majirani wakisikia, ujibu: nani alifungua ile visi?