Mashine Iliyokataa Vidole vya Waisiko

Mashine imekataa vidole vya Waisiko Heche. Vyote kumi. Uhakiki unafungwa Jumatatu, na asiyehakikiwa anaondolewa kwenye ruzuku ya kaya maskini.

Ni Ijumaa asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji kimoja jirani na Machochwe, wilayani Serengeti. Nyangi Thadeo, ofisa wa ruzuku, anakifuta kidole gumba cha mama huyo kwa kitenge chake na kukibonyeza tena kwenye kioo. Taa nyekundu.

"Mama, hiki ni kidole au kijiko?" anamuuliza.

Foleni nzima inacheka, Waisiko kuliko wote. Ana miaka 63 na analea wajukuu watatu. Tangu dhahabu ionekane ng'ambo ya mto, miaka miwili iliyopita, kazi yake ni kuponda mawe kwa nyundo. Mawe hayo yamemsugua ngozi mpaka mistari ya vidole imefutika.

Nyangi ameshaona vidole vingi vya namna hiyo, na dawa anaijua: kupaka samli na kuacha nyundo walau siku mbili. Tatizo ni hiyo nyundo. Huko machimboni, mama asipoonekana siku moja, nafasi yake ya kupondea inakaliwa na mwingine, na hairudishwi.

"Nikiacha nyundo, nimekosa ugali. Nikiacha ruzuku, watoto hawana sare," Waisiko anasema. "Wewe mwenye ofisi, niambie niache kipi."

Nyangi anamwambia arudi Jumatatu.

Ofisi yenyewe ilikuwa na watu watatu. Mmoja alihamishwa, nafasi haikujazwa. Mwingine, Kornelio, aliacha kazi akafungua kibanda cha chipsi machimboni. Sasa Nyangi anahudumia vijiji sita peke yake, kaya 840, kwa pikipiki ambayo mafuta yake huisha katikati ya mwezi. Kornelio akipita humpigia honi na kumuuliza kama serikali imeshamnunulia kiti chenye miguu minne. Nyangi humjibu kwamba angalau yeye hanuki mafuta ya kupikia.

Jumamosi alfajiri alivaa mabuti ya mumewe, akampelekea Waisiko kopo la samli, akaichukua nyundo na kwenda kukaa kwenye nafasi ya mama huyo.

Hakuna aliyempinga, maana nafasi ilikuwa na mtu. Ila walimcheka. Boke, anayeponda pembeni yake, alimwambia anagonga jiwe kama anabembeleza mtoto alale.

"Mimi nimesomea uhasibu, dada," Nyangi alijitetea.

"Basi lihesabu, labda litapasuka lenyewe," Boke akamjibu.

Kornelio alipopata habari alifunga kibanda, akaja kumtazama bosi wake wa zamani akitoka jasho. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwachia sahani ya chipsi na hakumdai. Jumapili Nyangi alirudi tena kuponda.

Nyumbani Waisiko alikuwa amefungwa vitambaa vyenye samli mikono yote miwili, wajukuu wakimlisha na kumwambia afungue mdomo vizuri.

Jumatatu mchana mashine ilikataa vidole vinane mfululizo. Cha tisa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kikapita. Kimoja kinatosha. Waisiko alipiga vigelegele, akamkumbatia Nyangi na kumwachia samli begani.

Nyangi anataka mtu mmoja wa kumsaidia kabla ya uhakiki ujao, na ruhusa ya kuhakiki kwa sura wale ambao vidole vyao vimeliwa na mawe. "Nina kina mama wengine kumi na wanane," anasema. "Siwezi kuwapondea wote."

Kidole cha Waisiko kimemgharimu Nyangi mapumziko ya wiki, kopo moja la samli, ukucha mmoja uliogeuka mweusi, na siku moja ya utoro. Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa amebonyeza kidole chake mwenyewe kwenye mashine ya mahudhurio ya wafanyakazi. Ilimkataa, ikamwandika hakufika kazini.