Magodoro ya Sufi na Saksafoni ya Baba

Kila ninaponusa godoro la sufi lililoanikwa juani, hasira hunipanda kabla hata sijakumbuka sababu. Kisha nakumbuka: Baba na ile albamu yake.

Baba zao wenzangu walikuwa watu wa kueleweka. Wangu alikuwa mpuliza saksafoni aliyeacha bendi ya dansi, bendi iliyotuletea pilau la harusi kila wikiendi, ati amechoka kupiga nyimbo ambazo kila mtu anajua zitaishia wapi. Akataka kurekodi muziki wake mwenyewe, usio na mwimbaji wala kiitikio, na wenzake wawili watatu tu. Tena sebuleni kwetu, Visiga!

Ili kuzuia mwangwi, alitundika magodoro yetu yote ukutani. Sisi watoto tukalala kwenye mkeka hadi mbavu zikatuuma. Mchana alikuja mpiga ngoma kutoka Marui, na saksafoni ikaanza kukoroma, kupiga mayowe, kukatika ghafla kama mtu aliyepaliwa. Mama alitikisa kichwa tu: "Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni."

Ya Firauni yalikuja siku ya tatu. Jirani yetu Bi Tatu alisikia ngoma na yale mayowe, akaingia na chetezo, moshi wa ubani umetanda.

"Poleni jamani. Amepandisha nani?"

Alidhani tunapunga pepo! Akamtazama Mama kwa huruma, akaanza kumfukiza. Mpiga ngoma akafungasha vitu vyake kwa aibu, akaondoka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba Zuhura," Mama alisema, "jua likizama magodoro ya wanangu yakiwa bado ukutani, naenda zangu kwetu Chole."

"Umebaki wimbo mmoja tu, Mama Zuhura."

Mama alitoka kwenda uani, akaanza kutwanga kisamvu kwa hasira, kinu kikiruka. Niliogopa kweli kwamba anaondoka. Na Baba, badala ya kumfuata akamwombe radhi, alifungua mlango wa uani, akawasha mashine ya kurekodi, akaanza kupuliza. Nilimchukia mchana ule.

Magodoro yalishuka kabla ya magharibi. Mama hakwenda Chole, wala mimi sikuuliza kwa nini.

Sasa wote wawili wametangulia mbele ya haki, na wimbo ule wa mwisho ninao kwenye simu. Mchi unagonga kwa ghadhabu, saksafoni inaujibu. Mchi unanyamaza, saksafoni nayo inasubiri. Kisha mchi unarudi, taratibu.

Jana niliuwasha wimbo ule nikitwanga kisamvu changu. Kililainika, nikaweka mchi chini. Wa Mama ulikuwa bado unagonga, ukaendelea kugonga, na kisamvu chake siku ile kilikuwa cha sahani mbili tu.

Mama yule! Sisi mbavu zinatuuma, kumbe naye anapiga muziki.