Mita Haihesabu Foleni

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu aliangukiwa na magunia bandarini, akarudishwa nyumbani Likoni na mgongo usiofaa kazi tena. Mimi nilikuwa darasa la nne. La tano sikuliona. Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Nilijua kujumlisha na kutoa, na vimenitosha.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika karakana moja ya Changamwe, jirani na maghala ya chai. Fundi Mkuu alinitazama miguu kabla ya uso.

"Viatu viko wapi?"

"Sina, bwana."

"Basi utajua mapema kwamba spana ikianguka inauma."

Akanipa karai la dizeli na brashi, nikaanza kuosha vyuma. Vijana wa leo mnaona kuosha vyuma ni kazi ya dharau. Hamjui kitu. Chuma kilichochoka hung'aa pale pasipostahili kung'aa, na anayekiosha ndiye wa kwanza kuona. Kila nijualo kuhusu uchakavu nililiona kwanza ndani ya karai lile, na Fundi Mkuu, Mungu amrehemu, kila nilipomwonyesha chuma kilicholika alikuwa akiacha kazi yake na kuja kukitazama. Mtu mzima kuja kutazama alichokiona mtoto wa karai si jambo dogo.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi Port Reitz, katika yadi ya makontena. Huko kulikuwa na foklifti, yale magari mafupi ya kunyanyua mizigo. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Likoni kama mimi, mkali wa usafi, shati jeupe ndani ya grisi na halichafuki. Foklifti ya kwanza aliyonipa kuifanyia sevisi, nikamwuliza imekwenda maili ngapi tangu oili ibadilishwe.

Alicheka mpaka akashika mlango.

"Maili? Hii inakwenda wapi, Voi? Kutwa iko hapa hapa, inanyanyua na kushusha."

Akanionyesha kidude kama saa kando ya usukani. Hiyo ni mita ya masaa. Huhesabu muda ambao injini imewaka, iwe chombo kinatembea au kimesimama.

"Oili haijui safari, Hamisi," akaniambia. "Oili inajua moto."

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinitukana, akanifundisha, na mke wangu alipojifungua kwa taabu, yeye ndiye aliyeniachia gari la yadi nimkimbize hospitali bila kumwuliza meneja. Alipostaafu akafungua duka la vipuri kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri kutoka kwake Likoni. Mimi nikafungua karakana yangu Mikindani, kando ya barabara kuu, na hapo ndipo nikajulikana kama mkaguzi. Mtu hanunui gari kuukuu mpaka Fundi Hamisi alilalie chini.

Wengi waliniletea gari lenye kilomita chache wakiwa na furaha ya bibi harusi. Niliwaambia, na nyinyi nawaambia: kilomita chache ni swali, si jibu. Kwanza, mita hurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Mita ikisema gari ni changa na pedali imelika mpaka chuma, sadiki pedali. Pili, gari lisilotembea nalo huzeeka. Mikanda ya mpira hupasuka kwa miaka, maji ya breki hunyonya unyevu, sili zinazozuia oili kuvuja hukauka. Tatu, uliza kitabu cha sevisi, yaani rekodi ya lini oili ilibadilishwa na nani. Asiyekuwa nacho, mpe hesabu ya mtu aliyepotea: chukulia hakuna lililofanyika, ulifanyie gari sevisi yote upya. Mambo haya matatu nilikuwa nikiyasema kama dua, na nilidhani yametosha.

Kisha akaja Mwalimu Kadzo wa Utange. Alikuwa amestaafu ualimu, na mumewe, Mzee Charo, figo zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilibidi afikishwe hospitali kusafishwa damu. Walikuwa wakitegemea tuktuk na majirani, na siku moja walikosa vyote. Mzee akavimba uso mpaka mkewe akadhani ndiyo mwisho. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa anatafuta gari lisilomwangusha njiani, na alikuwa amelipata.

"Kilomita chache, Fundi. Mwenyewe mmoja tu tangu lifike nchini, na kitabu cha sevisi kimejaa. Naja nalo na mwenyewe."

Mwenyewe aliposhuka, alikuwa Bwana Athmani.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Hamisi. Kumbe bado uko hai."

"Kwa baraka zako."

Akamgeukia Mwalimu. "Umenileta kwa mwanafunzi wangu, bibi. Leo nasahihishiwa mtihani na mtoto niliyemfundisha kushika kalamu."

Tukacheka sote. Nikamwagizia kahawa, nikaanza kazi. Gari lilikuwa dogo, jeupe, safi kama shati lake. Pedali nzuri, viti vizuri, mkanda wa injini ulibadilishwa kwa wakati. Kitabu kilikuwa cha kweli tupu: kila baada ya kilomita elfu tano oili mpya, kila mara sahihi yake. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, nikakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na utando mweusi mzito, kama halua iliyoungulia sufuriani. Gari la kilomita zile halitakiwi kuwa na kitu kile. Nikaingia chini. Chuma cha tumboni kilikuwa kimeliwa na chumvi, kinabanduka maganda.

Nikatoka, nikajifuta mikono.

"Msimamizi, dukani unakwenda na hili?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na foleni ya feri?"

"Foleni ya feri usiniulize, muulize Mungu."

"Ukiwa kwenye foleni, injini unazima?"

"Nizime, nichemke kama muhogo? Kiyoyozi nilinunua cha nini?"

Hapo nikajua, na nikatamani nisingejua. Ningenyamaza, Mwalimu angeondoka na furaha yake na Msimamizi wangu na heshima yake. Lakini siku injini ile itakapokwama barabarani, Mzee Charo atakuwa ndani.

"Mwalimu," nikasema, "usilinunue gari hili leo."

Bwana Athmani aliweka kikombe chini. "Sema tena."

"Kitabu chako ni cha kweli, Msimamizi. Lakini umefuata kilomita. Kutoka kwako mpaka dukani ni mwendo mfupi, na mwendo huo unakula asubuhi nzima injini ikiwaka. Mita haihesabu foleni. Kilomita zako za kubadilisha oili zikifika, oili imeshaungua zamani. Na pale kwenye mteremko wa kupandia feri magurudumu yanarusha maji ya chumvi tumboni kila siku."

"Kwa hiyo mimi nauza gari bovu."

"Ulilitunza kama gari, Msimamizi. Lenyewe limeishi maisha ya foklifti."

Aliingia ndani ya gari, akaondoka bila kuaga. Mwalimu akabaki amesimama, mkoba ameukumbatia.

"Fundi, nimetafuta gari mpaka miguu imeota sugu. Mzee wangu ana zamu Ijumaa."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua, na gari la kunipa huna."

Alisema kweli.

Ijumaa nilimpigia simu kumwuliza walifikaje. Akaniambia alfajiri walisikia honi mlangoni. Bwana Athmani, ambaye Mwalimu alikuwa amemsimulia habari za zamu walipokuwa wakija kwangu, alikuwa amekuja mpaka Utange na gari la mwanawe. Alimbeba Mzee Charo, akamngoja hospitali, akamrudisha, na njia nzima hakusema neno la maana ila kulalamikia matuta.

Jumamosi akaja kwangu na gari jeupe. Salamu hakunipa.

"Fungua kifuniko cha tapeti," akasema. Hilo ni bati linalofunika kichwa cha injini, ukilitoa unaona vyuma vya juu vyote.

"Msimamizi, si lazima."

"Nataka kuona, sitaki kuambiwa."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na tope jeusi, na vijia vya kupitishia oili karibu vizibe. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba muda mrefu.

"Masaa," akasema. "Nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, Msimamizi."

"Nikaja kusahau nikiwa nimekaa ndani yake." Akaanza kufungua vifungo vya shati lile jeupe. "Nipe ovaroli. Hiyo hapana, hiyo inalitukana tumbo langu."

Tukaifanyia injini ovahoo, yaani kuifungua yote, kuisafisha na kubadilisha vilivyolika. Tumbo la gari tukalikwangua kutu na kulipaka rangi. Mpaka kazi inakwisha, Mzee Charo alikuwa akipelekwa hospitali na Bwana Athmani. Kisha Mwalimu akalinunua gari lile, nami nikamwambia oili abadilishe kwa miezi, kilomita aachie wengine. Mzee Charo aliishi miaka miwili zaidi. Alikufa kwa ugonjwa wake, na siku ya zamu hakukosa hata moja kwa sababu ya gari.

Kwa hiyo mambo yangu matatu sasa ni manne. La nne: uliza gari lilikuwa likilala wapi na likipita njia gani, kisha ndipo usome kitabu.

Mwaka jana magoti yalikataa kulala chini ya magari, nikaacha. Namshukuru Mungu, kisha nawashukuru walionifundisha. Mafundi wajuao nimeona wengi. Fundi anayeambiwa amekosea na mtu aliyemlea, akanuna siku chache, akarudi kuvaa ovaroli, nimemwona mmoja.

Leo nina nyumba ya mawe Mikindani, yenye vyumba vinne. Nina karakana, anaiendesha binti yangu wa pili, naye ni mkali kuliko mimi. Nina minazi ya baba Likoni. Nina mke mmoja, watoto watano na meno yangu karibu yote. Nina gari dogo jeupe, aliloniuzia Mwalimu Kadzo baada ya matanga, na sijapata kumiliki gari ambalo habari zake nazijua zaidi. Jioni hupita kisiwani kumchukua Bwana Athmani dukani nimrudishe kwake Likoni. Foleni ya feri ikisimama, anautazama mkono wangu mpaka nizime injini. Nikichelewa, anazima yeye.