Uvundo wa Amplifaya ya Wagdi

Inshirah hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Miaka yake ya kazi aliimalizia katika chumba cha kufulia cha hospitali moja ya Iskandaria, akisimamia mashuka ya wagonjwa, na pua yake ikawa kali kiasi kwamba mumewe akirudi nyumbani aliambiwa, kabla hajavua viatu, amekula nini na kwenye tramu amekaa karibu na nani. Majirani wa mtaa wa Muharram Bey walimcheka kwa hilo. Wachache tu ndio waliokumbuka kwamba kabla ya mashuka alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya harusi, mwanamke pekee jukwaani asiyeimba wala kucheza. Aliketi kitini na gitaa la umeme ambalo fundi alikuwa ameliongezea vyuma shingoni, ili litoe zile sauti za katikati ambazo bila hizo maqam zetu, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, haziwi maqam.

Alipostaafu, mwanawe Sami akiwa keshahamia Kuwait, alilishusha gitaa kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi na kulitia nyuzi mpya. Ikabaki amplifaya. Ile ya bendi, kubwa kama jokofu, ilikwenda zake siku nyingi. Na Inshirah alijua hasa anachokitaka: amplifaya ndogo ya vichupa, aina ile ya zamani inayotumia vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani kama redio za babu zetu. Tena iwe na wati chache. Tano zilimtosha.

"Kwa nini chache?" aliuliza Lutfi, mumewe, karani mstaafu wa reli, huku akimenya vitunguu saumu vya mchuzi wa majani ya mlokhia. "Ukinunua si ununue yenye nguvu? Mtu hanunui nusu punda."

"Ya vichupa haiwi tamu mpaka uibane, uifungulie sauti hadi mwisho, Baba Sami. Ukiiacha imelala inalia kama simu. Sasa ile kubwa ukiibana, jengo zima linahama. Ndogo unaibana, inakupa utamu wake wote, na Hajjat Tahani huko ghorofa ya chini anaendelea kukaanga kitunguu chake."

"Hajjat Tahani? Yule hata kijiko kikianguka kwetu anapanda ngazi."

"Ndiyo maana nasema ndogo."

Walianzia katika duka la vyombo vya muziki katikati ya mji. Muuzaji alikuwa amejipulizia manukato mpaka machozi yakamlengalenga Inshirah. Aliwatolea amplifaya nyeusi yenye kidirisha mbele, na nyuma ya kidirisha vichupa viwili viking'aa rangi ya chungwa.

"Vichupa halisi, bibie. Tazama vinavyowaka."

Inshirah akapiga kidogo. Sauti ilitoka kavu kama bati. Akainama, akaweka kiganja nyuma ya amplifaya, pale panapotoka joto, akangoja. Baridi. Akachungulia ndani, akaona nyuma ya kila kichupa kitaa kidogo kimebandikwa kwa gundi.

"Hivi vichupa vinafanya kazi gani?"

"Vinapendeza."

"Nimekuuliza kazi yake."

"Bibie, wateja wanapenda mwanga. Zima taa ya sebuleni usiku uone raha yake."

"Kwa hiyo umenitolea taa ya mgahawani ukaniambia ni amplifaya."

Lutfi alijikohoza na kumshika mkewe kiwiko. Inshirah alitoka midomo imemkunjamana kama mtu aliyeng'ata tende akakuta funza. Amplifaya ya pili waliyokwenda kuiona, nyumbani kwa mtu, ilikuwa ya wati thelathini, na mwenyewe aliiita ndogo kwa sababu ina mkono wa kubebea.

Lutfi, kwa kutaka kusaidia, aliyasimulia haya yote kwenye mgahawa wa chai anakozoea kukaa. Maneno yakatembea, na baada ya siku chache simu ya Inshirah ikalia. Alikuwa Wagdi, kiongozi wa ile bendi ya zamani, ambaye hakuwa ameongea naye tangu Sami aanze shule.

"Inshirah, mwenzangu! Nasikia unazunguka mji mzima unatafuta kile nilichonacho chumbani. Unaikumbuka ile ndogo ya Mgiriki?"

Aliikumbuka. Mgiriki mmoja, mwenye studio ya picha, alipohama mji aliiachia bendi amplifaya ya wati tano, na wao wakaifanya ya kufanyia mazoezi nyuma ya jukwaa. Sauti yake Inshirah alikuwa akiitamani mpaka usingizini. Moyo ukamruka, akasahau kwa nini alikuwa hampendi Wagdi.

Walikwenda mtaa wa Bakos, alikokuwa akiishi Wagdi. Harufu iliwapokea ghorofa moja kabla hawajafika mlangoni: mkojo wa paka, sigara, na mafuta ya kukaangia yaliyotumika mpaka yakachoka. Wagdi alifungua mlango mwenyewe. Nywele alizipaka rangi nyeusi, na rangi hiyo ilikuwa imechuruzika ikakaukia kwenye ukosi wa shati. Kucha za mkono wa kulia alizifuga kwa ajili ya gitaa, ndefu, za manjano kama ganda la yai lililooza. Akambusu Inshirah mashavuni yote mawili. Inshirah alizuia pumzi.

Ndani palikuwa na msichana mmoja, Rodaina, mwanafunzi wa Wagdi, ameketi ukingoni kabisa mwa kochi. Inshirah alielewa sababu alipoona kitambaa cha kochi kinavyong'aa kwa mafuta ya vichwa vya watu. Chai ililetwa katika glasi zenye alama za midomo ya wengine. Majivu ya sigara yalikuwa yamejaa kwenye sahani iliyobaki na wali wa jana.

"Rodaina, msalimie Mama Sami," Wagdi alisema. "Zamani alikuwa akitusindikiza kwenye bendi. Akitushikia mapigo kidogo huku nyuma, tukikosa mtu."

"Karibu, mama," alisema msichana.

Inshirah alitabasamu. Mashavu yalimuuma kwa lile tabasamu.

"Sasa sikilizeni," Wagdi alisema. Aliiwasha amplifaya iliyokuwa pembeni mwa kochi, akavuta sigara huku vichupa vikipata moto, kisha akashika gitaa lake na kufumba macho.

Alipiga kipande cha maqam ya Bayati, kile cha kumwingiza bibi harusi ukumbini. Kilikuwa maarufu mji huu kwa miaka mingi. Bendi nyingine zilikiiga. Inshirah alikisikia kwa vidole kabla ya masikio. Alikuwa amekitunga yeye, jikoni kwake, mimba ya Sami ikiwa ya miezi saba, gitaa likiteleza ubavuni kwa sababu tumbo halikuliachia nafasi. Zile nafasi za kuvuta pumzi katikati ya muziki zilikuwa pumzi zake mwenyewe, za mwanamke mzito.

"Hiki nilikitunga mimi, Rodaina," Wagdi alisema bila kufumbua macho. "Nimekaa peke yangu mwambani, natazama bahari. Vitu kama hivi havifundishwi. Vinakushukia tu."

Mate yalimjaa Inshirah mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika. Na ubaya ni kwamba amplifaya ililia vizuri. Ililia kama ilivyolia zamani, nene, yenye joto, ikikwaruza kidogo pale kidole kinapokaza, na yote hayo kwa sauti ambayo mtu wa chumba cha pili angeweza kulala nayo. Hakuwa amesikia kitu kizuri hivyo kwa miaka, na ilimbidi akisikie kikitoka kwenye mikono ile.

"Unasemaje?" Wagdi aliuliza.

"Nzuri," Inshirah alisema. Kisha, kwa sababu wote walikuwa wakimtazama, akaimaliza chai na kumhesabia Wagdi pesa za amplifaya.

Ndani ya teksi aliikumbatia amplifaya kwa miguu na kutazama nje.

"Mbona hukusema?" Lutfi aliuliza.

"Kusema nini?"

"Mimi si mwanamuziki, lakini kile kipande nimekula chakula nikikisikia miezi miwili jikoni kwangu. Nilikuwa nakipiga mluzi ofisini mpaka mkubwa wangu akanikataza. Mwambani! Yule mtu hata kuogelea hajui."

"Niache, Lutfi. Nimemchekea. Nimekunywa chai yake. Mtu huyo hanichefui leo kama ninavyojichefua mwenyewe."

Lutfi akashusha kioo cha dirisha la teksi.

Nyumbani Inshirah alitandika magazeti, akavaa glavu za mpira, akafungua bamba la nyuma. Hakuwa mgeni wa uchafu. Alishafungua mashuka ambayo wenzake waliyakimbia. Lakini humu alikuta nywele za paka zimegandamana na lami ya sigara, mende waliokauka, ganda la pistachio, na chini kabisa, rundo zima la vipande vya kucha. Vya manjano. Wagdi alikuwa akikaa kwenye lile kochi miaka yote, akikata kucha za mkono mwingine na kuzisukumia kwenye uwazi wa nyuma wa amplifaya.

Inshirah alikimbilia bafuni. Lutfi akachungulia, naye akarudi nyuma.

"Mimi nakula fesikhi," alisema, "samaki aliyeoza kwa makusudi, namla na kitunguu na furaha yangu yote. Lakini hii, mke wangu, hii hapana."

Aliisafisha. Siki, sabuni, spiriti, brashi ya meno, kisha jua la roshani kutwa nzima. Ilipomaliza kukauka ilipendeza, mbao zimerudi rangi. Akaiwasha, akachomeka gitaa, na kwa dakika chache alikuwa mwanamke mwenye furaha. Kisha vichupa vikapata moto sawasawa, na moto ule ukaamsha kila kilichokuwa kimelala ndani ya mbao na kitambaa. Sigara zilitangulia, mkojo wa paka ukafuata, na mwisho yakaja mafuta ya nywele, matamu, mazito. Ilikuwa kama Wagdi ameingia na kuketi.

Kila siku ikawa hivyo. Alijaribu mkaa, kahawa, karafuu. Zote zilifanya Wagdi anuke karafuu. Alipiga gitaa kajifunga kitambaa puani. Hatimaye Hajjat Tahani alipanda ngazi, akasimama mlangoni, upindo wa mtandio mdomoni.

"Tumekusumbua kwa kelele, Hajjat?" Inshirah aliuliza.

"Kelele gani? Gitaa nalisikia kwa mbali, linanibembelezea usingizi wa mchana. Nimekuja kuuliza, Mama Sami, kama kuna kitu kimekufa kwenu mkakosa kukiona."

Siku hiyo Inshirah aliona basi. Rahisi ilikuwa kumpa mtu achukue. Lakini kila alipofikiria kuitoa, alimwona Wagdi akiipata tena, ama mwingine wa aina yake, na ile sauti ikirudi kukaa kwenye majivu. Aliijua vizuri kazi ya kufua: chuma na kioo havinuki, kinachoshika uvundo ni kitambaa, karatasi na mbao. Akamwita fundi wa redio wa mtaa wa pili, kwa kuwa umeme wa vichupa hukaa ndani hata baada ya kuzimwa na unaweza kuua, akamwambia atoe matumbo yote ya chuma na kumwachia sanduku tupu. Seremala akatengeneza sanduku jipya la mbao nyeupe. Spika ya karatasi ikatupwa, ikanunuliwa nyingine. Sanduku la zamani Lutfi alilishusha mpaka jaani, mikono kainyoosha mbele mithili ya mtu aliyebeba mtoto aliyejisaidia.

Haikuwa sauti ileile. Spika mpya ilikuwa ngumu, asali ya zamani ilipungua, na alasiri ya kwanza Inshirah alisikitika kweli. Lakini chumba kilinuka mbao mbichi. Akavuta pumzi mpaka mwisho, akapiga saa nzima pua wazi.

Wagdi alipiga simu wiki ile. Fundi alikuwa na mdomo mpana.

"Inshirah, nimeambiwa umelitupa sanduku! Ulijua unachotupa? Sanduku lile lina historia."

"Historia yake nimeinusa, Wagdi. Na nimeifagia. Ilikuwa na kucha."

Alicheka kwa kikohozi. "Bado una ulimi."

"Siku ile kwako nilikuwa sina, ndiyo inayoniuma. Kile kipande cha Bayati ni changu. Wewe unajua, na mpiga tabla alijua, na marehemu mwimbaji wetu alijua. Nilikitunga na tumbo la miezi saba. Usimwambie mtoto wa watu habari za mwambani."

"Ah, Inshirah. Wakati ule sote tulikuwa kitu kimoja. Bendi."

"Bendi haikubeba mimba."

Alisikia kiberiti kikiwashwa upande wa pili, kisha pumzi ndefu ya moshi, na Wagdi akaanza kueleza kwamba miaka ni mingi, mtu huchanganya, na zaidi ya hayo nani leo anajali. Inshirah alikata simu. Akaipangusa kwa upindo wa gauni mara mbili, ingawa haikuwa na kitu.

Toka jikoni Lutfi akauliza, "Umemaliza naye?"

"Kumaliza sijui. Nimemwambia."

Aliiwasha amplifaya na kukaa akingoja vichupa vipate moto. Kile kipande hakukigusa siku hiyo. Kilikuwa bado na ladha ya ile chai ya Wagdi. Alipiga mambo mengine, ya kawaida, mazoezi ya vidole vilivyokuwa vimekakamaa, akirudia na kukosea, mpaka Lutfi alipomwita mezani.