Umi wa Ule Wimbo

Kisiwa kizima cha Mafia kinajua kwamba Umi binti Mfaume alimkimbia mumewe, na kinajua kwamba alirudi. Kwa nini alikimbia, hilo hakijui, maana Luqmani hakulitia katika wimbo wake. Alitia jiko lililopoa, akatia mlango usiofungwa, akatia na fitina za majirani, ambazo wallahi hazikuwapo. Cherehani hakuitia.

Cherehani ilikuwa ya Umi. Mama yake aliileta kutoka kijijini kwao Kanga siku chache baada ya harusi, na ndiyo iliyomfanya ajione mtu katika nyumba ile ya Kiegeani. Alishona sare za shule, alishona magauni ya sikukuu, na wanawake walimjia kwa jina lake. Luqmani naye alikuwa na gitaa la umeme, wenzake wanne, na wazo ambalo wazee walilicheka: kuzichukua ngoma za kwao, nyimbo za harusi na za kutwanga, akazipigie gitaa la kupasua masikio. Lilikuwa wazo zuri, tusimnyime haki yake. Lakini gitaa la umeme bila spika ni ubao tu. Siku moja Umi akarudi kutoka kisimani, akakuta cherehani imeuzwa, mahali pake pamekaa boksi jeusi la spika lenye vitufe, na mumewe analifuta vumbi kwa kanga. Hakugombana naye. Alifunga nguo zake furushi, akajitwika, akaenda zake Kanga.

Mwanamume mwingine angemfuata mkewe kumwomba radhi. Luqmani akatunga wimbo.

Ilikuwa miaka ile Hifadhi ya Bahari bado changa, na watu wa hifadhi wakizunguka vijijini kueleza habari za uvuvi wa baruti na nyavu za kukokota. Nani alikuwa na hamu ya mikutano? Lakini wakisikia kuna Luqmani na spika zake, walikuja mpaka vikongwe wasiotoka nje. Basi kila mkutano ulifunguliwa kwa wimbo wa Umi: rudi nyumbani, jiko limeshapoa, mlango sijaufunga. Redio nayo ikaudaka. Ikawa Umi hawezi kwenda dukani kununua chumvi bila mwenye duka kumwuliza anangoja nini. Shangazi zake walimwambia kwamba mwanamume anayelia mbele za watu si wa kuachwa. Mama yake, aliyeinunua ile cherehani, alinyamaza siku nyingi. Mwishowe naye alisema mwanangu rudi, maana watoto walikuwa wakija kuimba chini ya dirisha hata wakati wa swala.

Akarudi, na kwa bahati yake mbaya alirudi siku ya ngoma. Uwanja wa Kiegeani ulikuwa umejaa, na hapakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani kwake. Alikatiza katikati ya watu na furushi lake kichwani, macho chini. Watu wakamwona, vigelegele vikapanda. Na Luqmani je? Aliweka gitaa chini akampokea mkewe mzigo? Thubutu. Aliongeza sauti ya spika, na papo hapo akaimba: huyo, huyo anakuja. Hivyo ndivyo wimbo ulivyopata mkia wake, na Umi akapata kazi ya maisha.

Tangu siku hiyo hapana aliyetaka wimbo ule bila Umi kuingia. Walipoitwa Dar es Salaam, Umi aliingia. Walipoitwa Unguja, aliingia. Mara moja walipelekwa hadi Ulaya, kwenye baridi ya kukata masikio, na huko pia aliingia na furushi lake katikati ya Wazungu waliokaa kwenye viti wakipiga makofi. Siku hizo furushi lilikuwa la makumbi ya nazi, jepesi, ili asichoke shingo. Luqmani alitunga nyimbo nyingine, na baadhi yake zilikuwa nzuri kuliko ule. Watu walizisikiliza kwa adabu, kisha wakapiga kelele wakitaka Umi arudi. Jina la Luqmani likakua, akajenga nyumba Kilindoni, akaoa mke wa pili, Kidawa, mwimbaji wa kiitikio. Kiegeani alifika siku za ngoma tu. Gari lilisimama mlangoni likapiga honi, naye akasema bila kushuka, haya Umi, kavae ukarudi.

Cherehani nyingine hakumnunulia. Umi aliwahi kumkumbusha, akajibiwa kwamba mke wa mtu mashuhuri hashoni sare za watoto wa watu.

Mama yake alipofariki, nyumba ya Kanga ikabaki tupu, na Umi akajua anachokitaka. Alitaka kwenda kukaa katika nyumba ile, afe akiwa huko, asirudi tena kwa mtu. Siku Luqmani alipoingia ndani kumpa pole, akamwomba talaka yake, kwa upole, baada ya kumwandalia chakula. Luqmani alinawa mikono taratibu, na wala hakukasirika.

"Nikikuacha wewe, Umi, mimi niimbe nini?"

Umi alikwenda Baleni kwa shehe. Shehe alimsikiliza, akatabasamu, akamsifia mumewe, akamwambia ndoa yao ni mfano kwa vijana. Umi alitoka pale yamemfika shingoni. Asubuhi ya pili alifunga nguo za kweli, akashika njia ya Kanga kwa miguu. Hakufika mbali. Akina mama wauza maandazi njia panda walimwona na furushi kichwani, na mmoja akaanza kuimba. Wengine wakapiga ndoo. Umi aliwaambia kwamba leo si mchezo, nakwenda kwetu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakasema Umi anajua kuigiza huyu. Wakamgeuza kwa vifijo, wakamsindikiza hadi mlangoni kwake. Looh, mtu ataanzaje kuwagombeza watu wanaompenda kiasi kile? Alifunga mlango, akalia kwa hasira hadi kwikwi ikamshika.

Miaka ilikwenda hivyo. Nywele zake zikaingia mvi, akawa anazifunika vizuri kwa kanga kabla ya kuingia, maana Umi wa wimbo hazeeki.

Siku ya mwisho ilikuwa Baleni, kwenye sherehe kubwa, na watu walitoka vijiji vyote. Honi ilipopigwa mlangoni, Umi alitoka na furushi lake kama kawaida, lakini ndani safari hii hamkuwa na makumbi. Alikuwa ametia nguo zake, sufuria moja na picha ya mama yake. Ndani ya gari alimwambia Luqmani wazi: leo siingii mpaka unipe talaka yangu. Luqmani alicheka.

"Utaingia tu. Ukilisikia gitaa, miguu yako yenyewe itakuleta."

Umi alisimama nyuma kabisa ya watu, mahali pake pa siku zote. Wimbo ukaanza, ukapanda, ukafika kwenye mkia. Huyo, huyo anakuja. Miguu ya Umi ilitaka kwenda, kweli ilitaka, akajishikilia kwenye mnofu wa paja kwa kucha. Luqmani akaurudia. Huyo, huyo anakuja. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mara ya tatu sauti ya Luqmani ilitetemeka, na Umi, Mungu amsamehe, akaona raha moyoni. Aliwaza, bila mimi leo ataaibika, na akiaibika ataniacha.

Ndipo Kidawa aliponyanyuka kando ya ngoma. Alivuta turubai la kufunikia spika, akalikunjakunja, akajitwika, akashuka upande wa pili na kuja akitembea polepole, macho chini, mwendo ule ule. Luqmani alimtazama, akapiga nyuzi kwa nguvu, akaimba huyo, huyo. Vigelegele vikapanda sawasawa na siku zote, wala havikupungua hata kidogo.

Miaka yote ile Umi alidhani amefungwa kwa sababu hapana mwingine. Kumbe yeyote mwenye kichwa cha kubebea mzigo angefaa, na Luqmani angeweza kumwacha siku yoyote aliyopenda. Jambo hilo lilimuuma kuliko cherehani. Alibaki amesimama na furushi lake, hajui acheke au alie.

Mbele yake waliketi walimu wa shule, na mmoja wao, mgeni wa kutoka bara aliyeitwa Jovina, alikuwa amejipinda kuchungulia upande ule anakotokea Kidawa.

"Shikamoo mama. Samahani, sogea kidogo na mzigo wako. Hatumwoni Umi."

"Marahaba, mwanangu," Umi akasema. "Kwani amerudi?"

"Amerudi, yule pale."

"Basi akae naye."

Akasogea, akageuka, akashika njia ya Kanga. Talaka hakuwa nayo. Furushi lilikuwa zito, shingo ikamuuma, na hakukutana na mtu njiani, kwa kuwa watu wote walikuwa uwanjani wakimshangilia.