Maziwa ya Bibi

Nani kasema minyoo? Mbwa ameshameza dawa ya minyoo mara nne mwaka huu, minyoo gani hiyo isiyokufa? Ndivyo nilivyomjibu baba mdogo mbele ya watu, hapo kwetu Daraja Mbili, na sijutii sana. Alikuwa ametoka kusema yule mbwa jike wangu ana minyoo, aondoke kabla ya kipaimara cha binti yake. Sherehe inafanyika kwetu, turubai linafungwa uani, na yeye hataki wageni wa kanisani wakanyage uharo. Akanipa wiki sita. Kuondoka wote tulijua maana yake: anaitwa mtu na sindano, kwisha habari.

Na kweli aliharisha, bana. Miezi. Anapata nafuu siku tatu, anarudia, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini simu ninayo, nikasoma mpaka macho yakauma. Halafu nikamfunga kwenye shuka, nikapanda naye bodaboda hadi Usa River kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiyecheka.

Akapima choo. Minyoo hamna. Akaniambia askari wengi wa mwili wanakaa utumboni, na wa huyu wamechanganyikiwa, wanakishika chakula cha kila siku kama wameshika mwizi. Wanapiga, utumbo unavimba, mbwa anaharisha. Kwa hiyo apewe kitu ambacho hajawahi kula: nyama ya sungura na viazi vitamu, basi.

"Hata tone la kitu kingine usimpe," akasema. "Ukimpa, tunaanza upya."

Sungura nafuga mwenyewe. Nikachinja. Wiki ya kwanza choo kikaanza kushikana, nikatembea mtaani kama nimefaulu mtihani. Wiki ya pili, maji tena. Nikawaka. Nikamvaa jirani yetu fundi cherehani, nikamwambia ni yeye anayerusha makombo juu ya ukuta. Akaniita kichaa, nikamwita mchawi, mtaa mzima ukatoka kusikiliza.

Kesho yake asubuhi nikajibanza nyuma ya banda la sungura nimkamate. Nani katokea? Bibi yangu. Kashika kikombe cha bati, maziwa ya ng'ombe yanatoa moshi, anainama na yale magoti yake mabovu, anambembeleza mbwa kwa Kimeru anywe.

"Shikamoo bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Namtoa sumu."

Maana kwetu mbwa akiumwa kalishwa sumu, na dawa ya sumu ni maziwa. Kila akiharisha bibi alimpa. Akipata nafuu, akampa tena, ya kumpongeza.

Nikakaa chini nikamweleza habari ya askari. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mwizi ni maziwa yangu?"

"Kwa huyu tu, bibi."

"Mtaa mzima umeutukana. Mimi ninayeamka naye hukuniambia kitu."

Hapo alinipiga palepale panapouma. Nikampelekea fundi sungura mzima na samahani yangu, tukaanza upya, zimebaki wiki nne.

Siku ya kipaimara bibi aliweka kiti chake pembeni ya mbwa, fimbo mapajani. Mzee wa kanisa akataka kurusha mfupa, bibi akagonga fimbo chini. "Huyu hali vyenu." Mzee mzima akarudisha mfupa kwenye sahani.

Halafu baba mdogo akapita na pilau yake, na mbwa wangu, mbavu zimeshafunikwa, akachuchumaa mbele yake. Choo kikatoka kigumu, kizima, kama kipande cha muhogo. Nilipiga makofi, bibi akapiga kigelegele kama binti ndiyo kwanza ametoka kanisani.

Baba mdogo alikitazama. "Haya," akasema. "Abaki."

Sasa wewe unayeng'ang'ania kwamba wa kwako ana minyoo, bibi yako umeshamuuliza?