Sura Moja, Kadi Mbili

Mimi na pacha wangu tulifanana mpaka baba alikuwa akituita sote wawili ndipo ampate anayemtaka. Nyumbani Kizwite lilikuwa jambo la kuchekesha. Siku ya uchaguzi liligeuka.

Pacha wangu alikuwa ameolewa kijiji cha Kate. Wakati wa kuandikisha wapiga kura alikuwa nyumbani kwa mama, amekuja kujifungua, kwa hiyo kadi yake ilikuwa ya kituo chetu. Siku ya kura alikuja na lori la alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, akapiga kura mapema, akaenda sokoni kusubiri lori la kurudi. Mimi nilichelewa. Nilikuwa nimeanika ulezi juani na mvua ilikuwa inanyemelea.

Nilipofika, foleni ilikuwa imezunguka darasa la kupigia kura. Upepo ulikuwa mkali, kila mtu amejikunyata ndani ya sweta. Zamu yangu ilipofika nikamkabidhi karani kadi yangu. Alikuwa kijana mgeni, mtu wa Mbeya. Hakuisoma. Alinitazama mimi.

"Ndugu, wewe si ulipiga kura asubuhi?"

"Hapana. Huyo ni pacha wangu."

"Pacha!" Akamgeukia askari aliyekuwa mlangoni. "Njoo umwone huyu. Kaja mara ya pili, na kadi ya mtu mwingine."

Nikakumbuka kadi yangu ya chama, ile yenye picha. Nikafungua pindo la khanga nilipoifunga, nikampa. Aliishika karibu na uso wangu, akatikisa kichwa.

"Sura ndiyo hiyo hiyo. Ndiyo niliyoiona asubuhi."

Picha niliyotegemea initetee ikawa shahidi wake.

Niligeuka kuangalia foleni. Mle mlikuwa na watu walionijua tangu naanza kutembea. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alijifanya kufunga vizuri mtandio. Siwalaumu, askari alikuwa amesimama pale, na miaka ile mtu hakupenda jina lake litajwe kwenye jambo la uchaguzi. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye neno lake lingetosha, alikuwa ameitwa msibani Msanzi.

Mwishowe jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akajitokeza. "Baba, hawa wamezaliwa wawili. Mimi mwenyewe nilimbeba huyu, mama yao akambeba mwenzake."

"Shikamoo mama," karani akasema, sauti imeshuka kidogo. "Sikatai. Lakini mimi nitaandika nini? Nileteeni huyo mwingine."

Yule mama akajifunga khanga vizuri, akashika njia ya sokoni. Mimi nikaambiwa nikae kwenye dawati la nyuma, askari pembeni yangu. Nilianza kuwaza. Kama lori limeshaondoka? Watanipeleka polisi? Mwanangu mdogo nilimwacha kwa shangazi, hajanyonya tangu asubuhi. Maziwa yalikuwa yameanza kuniuma. Askari akaniuliza kama nina mume. Nikasema ninaye.

Foleni iliendelea kupungua.

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe mlangoni, imekasirika. "Yuko wapi aliyemshika ndugu yangu?"

Pacha wangu aliingia akihema, mtoto analia mgongoni. Karani akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaomba kadi zote mbili. Ya mwenzangu ilikuwa imeshapigwa muhuri. Yangu ilikuwa safi.

"Ndugu, samahani," akaniambia, na nilimwona anafuta jasho, pamoja na baridi yote ile. "Sijawahi kuona watu wa namna hii."

Akanipa karatasi. Nikaingia nyuma ya pazia, alama za wagombea mbele yangu, jembe upande mmoja, nyumba upande mwingine. Nilikuwa nimeamua jembe tangu wiki iliyopita. Kwa haraka penseli ikanidondoka. Nikaiokota, nikatia alama, nikatumbukiza karatasi upesi bila kuitazama mara ya pili.

Nje, pacha wangu alikuwa bado anafoka. Lori lilikuwa limeondoka mbele ya macho yake, na mumewe alikuwa anamtarajia kabla ya giza.

"Umempigia nani?" akaniuliza.

"Jembe," nikasema. Kisha nikasimama njiani. "Nadhani."

Akanishika mkono, tukaenda kumnyonyesha mwanangu.